Kidonge cha Usiku

Ukipanda matatu Kisauni hapa Mombasa ukaelekea kaskazini, ukavuka daraja la Mtwapa na kuendelea, utafika Kilifi mjini. Pale, ubavuni mwa hospitali ya kaunti, tangu 1989 pana kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome. Kwa miaka mingi watafiti wake wamepita nyumba kwa nyumba wakiuliza maswali ambayo sisi wenyewe huyakwepa: nani hapa huanguka, alianza lini, anatumia dawa gani, na yule aliyekufa alikufaje. Mengi wanayoyajua madaktari wa ulimwengu leo kuhusu kifafa cha Afrika yametoka kwa hawa jirani zetu, watu wanaosema tunavyosema, wanaopika kwa makaa kama sisi na kwenda kwa waganga walewale tunaowaendea. Inaniuma kwamba matokeo hayo yanasomwa London na Geneva, lakini mama wa Mtongwe, Mishomoroni au Chaani hajayasikia. Nayaandika hapa ili yatumike nyumbani, kuanzia leo usiku.

Nianze na la kutisha, kwa sababu yote mengine yanasimama juu yake. Mwaka 2014 Anthony Ngugi, Charles Newton na wenzao walichapisha hesabu ya vifo vya watu wenye kifafa cha kutukutika katika vijiji vya Kilifi. Walikuwa wakifa zaidi ya mara sita kuliko watu wengine wa eneo hilo. Zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe, na kilichoua wengi ni kule kushikwa kusikokatika: mtu anaanguka, anatukutika, na badala ya kutulia baada ya dakika mbili tatu, anaendelea hadi mwili unashindwa. Na waliokuwa hawanywi dawa sawasawa ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Sasa weka hapo kando yake jambo la pili. Dawa ya kwanza ya kifafa inayopatikana katika vituo vyetu, fenobabitali, imetumika tangu 1912. Ni ya bei nafuu, na kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku, usiku. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Hapa Kenya jambo hilo lilijaribiwa zamani: utafiti uliofanywa Nakuru na kuchapishwa 1991 uliwapa wagonjwa wa vijijini fenobabitali au kabamazepini kupitia vituo vya kawaida, na katika nusu ya pili ya mwaka zaidi ya nusu yao hawakushikwa hata mara moja. Hata hivyo, watafiti wa Kilifi walipopima damu za wagonjwa ili kuona kama kweli wanatumia dawa, matokeo yaliyotoka 2012 yalionyesha kuwa kama watatu katika kila watano hawakuwa kwenye tiba. Watu wanakufa, na dawa ipo. Makala hii yote inahusu pengo hilo.

Kwanza tuelewane kinachotokea kichwani. Ubongo una mabilioni ya chembe za neva zinazoongea kwa umeme mdogo sana. Baadhi huchochea, baadhi hutuliza, na kila kundi hufanya kazi yake kwa wakati wake. Fikiria soko la Kongowea asubuhi: kelele ni nyingi, lakini kila muuzaji anaongea na mteja wake na biashara inakwenda. Kifafa kinapopanda, ni kama wauzaji wote wameanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja. Hakuna anayemsikia mwenzake na soko zima linasimama. Kama mpigo huo umebaki kona moja ya ubongo, mgonjwa anaweza kutikisika mkono tu, au kukodoa macho na kutafuna hewa, au kutangatanga asijue alipo. Ukienea pande zote, anaanguka. Fenobabitali inafanya kazi kwa kuzipa nguvu zile chembe zinazotuliza. Ndiyo maana inahitajika kila siku, hata siku ambayo mtu anajiona mzima kabisa. Kuzuia ndiko kazi yake.

Degedege la mtoto ni jambo jingine, ingawa majirani hulitaja pamoja na kifafa. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano anaweza kutukutika kwa sababu ya homa, na wengi wa watoto hao hawapati kifafa baadaye. Pwani yetu sababu kubwa ilikuwa malaria. Symon Kariuki na wenzake wa Kilifi walionyesha 2011 kwamba malaria ilipopungua, na kulazwa kwa watoto kwa degedege la malaria kulipungua nako. Yale ambayo bibi zetu waliyaita dege au nyuni, na kuyafukizia ubani, yalipungua mbu walipodhibitiwa. Lakini usilidharau. Mtoto mwenye homa akitukutika, mpeleke kituoni siku hiyohiyo apimwe malaria. Akishikwa zaidi ya mara moja katika homa ile, au shingo ikakakamaa, au akabaki amelala fofofo, nenda hospitali kubwa, usisubiri kupambazuke. Malaria kali ya kichwa na homa ya uti wa mgongo vinaweza kuacha kovu kwenye ubongo, na kovu hilo ndilo huja kuzaa kifafa baadaye.

Mtu akianguka mbele yako, kwenye feri, stejini au kibarazani, kazi yako ni ndogo kuliko unavyodhani. Ondoa vitu vya kumuumiza, weka kanga au shati chini ya kichwa, legeza kola au buibui shingoni. Tazama saa. Kutukutika kukipungua, mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke nje. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni; ulimi haumezwi, ila meno huvunjika na vidole hukatwa. Usimpe maji. Kiatu, kitunguu na kiberiti vya kunusishwa havisaidii kitu. Mtu huzinduka kwa sababu muda umefika. Ikipita dakika tano bado anatukutika, au akishikwa mara ya pili kabla hajapata fahamu, au ni mjamzito, au amepigwa kichwa au alikuwa majini, tafuta tuktuk, bodaboda, gari, chochote, umfikishe hospitali. Dakika tano ni nyingi ukiwa unatazama, na bila saa utazihesabu vibaya. Akizinduka, kaa naye na umwambie jina la mahali alipo. Mfunike nguo, maana wengi hujikojolea, na fedheha ile hukaa moyoni kuliko uchungu wa kuanguka.

Sasa dawa, ambako nataka kukaa zaidi.

Kifafa hutambuliwa hasa kwa maelezo. Mtu aliyeshikwa angalau mara mbili, siku tofauti, bila homa wala sababu nyingine ya wakati ule, anastahili kuonwa na kuanzishiwa tiba. Familia nyingi huambiwa habari za kipimo cha umeme wa ubongo na skani, wanaona bei, wanarudi nyumbani kukusanya pesa, na mwaka unapita. Usifanye hivyo. Kipimo cha umeme kinaweza kutoka safi na mtu akawa na kifafa bado. Skani ina kazi yake, hasa kwa mtu mzima aliyeanza kushikwa ukubwani, au anayetikisika upande mmoja, au mwenye udhaifu wa mkono na mguu. Muulize daktari wazi: je, tunaweza kuanza dawa huku tukitafuta kipimo? Mara nyingi jibu ni ndiyo. Ulizia siku ya kliniki katika hospitali ya Likoni, au Port Reitz kule Changamwe, au kituo kikubwa kilicho karibu nawe Kisauni, kabla hujavuka kwenda Coast General. Umbali na nauli ni miongoni mwa mambo ambayo watafiti wa Kilifi waliyakuta yakiwakatisha watu tiba, na nauli ya kila mwezi ndiyo itakayokushinda wewe pia ukichagua kituo cha mbali kwa sababu ya jina lake.

Daktari huanza na kiasi kidogo na kupandisha polepole. Wiki za kwanza za fenobabitali mtu husinzia. Watoto wengine badala yake huwa watundu kupita kiasi. Mwambie daktari, usipunguze mwenyewe. Ukianza kabamazepini ukaona vipele mwilini au vidonda mdomoni, rudi siku hiyohiyo.

Halafu jambo ambalo ningelipigia mbiu kutoka Miritini hadi Shelly Beach kama ningeweza: usiache ghafla. Mtu anayekata fenobabitali ghafla anaweza kuingia kwenye kushikwa kule kusikokatika nilikokusimulia mwanzo. Watu huacha kwa sababu wamepona machoni pao, miezi sita hawajaanguka. Wamesimama kwa sababu ya dawa. Mazungumzo ya kuacha huanza baada ya angalau miaka miwili bila kushikwa, na hufanywa na daktari, kwa kupunguza kidogo kidogo kwa miezi. Wengine huacha kwa sababu kituo kimeishiwa. Hilo linatokea, na anayeumia ni mgonjwa, kwa hiyo jipangie: nenda kuchukua dawa zikiwa zimebaki za wiki moja, si kidonge cha mwisho. Jua jina la dawa yako na miligramu zake kwa kichwa, hifadhi pakiti tupu na picha ya kadi kwenye simu, ili ukiambiwa hakuna uweze kuulizia kituo kingine au kemisti. Ukisafiri Idd au Krismasi, dawa iwe ya kwanza kuingia mkobani. Na hakikisha umejisajili SHA, mfumo wa bima ya afya uliochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, kabla hujahitaji kulazwa.

Wanawake wana mambo matatu ya kuuliza ambayo kliniki yenye foleni inaweza kuyasahau. Fenobabitali, kabamazepini na fenitoini hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya kijiti cha mkononi. Wengi wamepata mimba wakidhani wamejikinga. Sindano na koili haziathiriki hivyo. La pili, valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni, mwili na akili, kwa hiyo msichana au mwanamke anayeweza kuzaa asianzishwe wala asiendelee nayo bila kuzungumza na daktari juu ya dawa mbadala kama levetirasetamu au lamotrijini. La tatu, ukishapata mimba, usitupe vidonge kwa hofu; kuanguka na kukosa hewa humdhuru mama na mtoto. Kimbilia kliniki, na ikiwezekana anza foliki asidi kabla ya mimba. Anayetumia dawa za virusi vya ukimwi, mume au mke, awaambie wahudumu wa kliniki zote mbili, kwani fenobabitali na kabamazepini hushusha mwilini kiwango cha dolutegraviri, mojawapo ya dawa hizo za virusi.

Ramadhani inapokaribia maswali huwa mengi. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kutofunga, na hakuna shehe mwenye elimu atakayekulaumu kwa kuitumia. Ukiwa umetulia kwa muda mrefu na unataka kufunga, mwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Dawa ya mara moja kwa siku huweza kunywewa baada ya futari, na ya mara mbili ikagawanywa kati ya futari na daku. Hatari iliyojificha ni usingizi. Mkesha baada ya taraweh, kuamka daku, kisha kwenda kazini umechoka, huamsha kifafa kuliko njaa. Kwa sababu hiyohiyo nawaambia vijana wa Kisauni na Likoni kuhusu muguka, ambao kaunti yetu ilijaribu kuupiga marufuku Mei 2024 na suala likaishia mahakamani: sheria iseme itakavyosema, mtu mwenye kifafa anayekesha akitafuna anajiharibia dawa yake mwenyewe. Pombe nayo ni hivyo, hasa asubuhi yake.

Nimefika kwa waganga, na hapa najua nitakosana na baadhi ya madaktari. Nyumba nyingi za kwetu, mtu akianguka, hupita kwanza kwa mganga au kwa ustadhi wa kombe, au kanisani kuombewa. Watafiti wa Kilifi waliwahi kukaa na waganga hao na kuwasikiliza, na pia walijaribu njia ya mafunzo: walichukua mamia ya wagonjwa na walezi wao, wakawafundisha kuhusu kifafa, kisha wakalinganisha na wasiofundishwa. Matokeo ya 2014 yananifikirisha hadi leo. Imani juu ya mapepo na uchawi zilipungua kwa waliofundishwa, lakini unywaji wao wa dawa haukuzidi ule wa wasiofundishwa. Kubadilisha mawazo ya mtu na kumfanya ameze kidonge kila usiku ni kazi mbili tofauti.

Basi ushauri wangu ni huu. Kama mama mkwe anataka kombe, usigombane naye. Maji yaliyosomewa dua hayapigani na fenobabitali. Kataa vitu vitatu bila kuyumba: kuambiwa uache vidonge ili dawa ya miti ifanye kazi, kuchanjwa, kuchomwa au kupigwa mgonjwa ili pepo atoke, na kutoa mali ya nyumba. Mganga anayekubali dawa iendelee anaweza kuwa msaada, kwa kuwa watu humsikiza. Mganga anayedai uache, ondoka kwake. Na kidonge kipewe mwenyewe na saa yake: baada ya sala ya isha, au baada ya taarifa ya saa moja, mbele ya mtu mmoja wa nyumbani ambaye atauliza kila siku, "Umemeza?" Naamini swali hilo moja lina nguvu kuliko warsha ya siku nzima.

Mpaka dawa ishike, mlinde mgonjwa na maji na moto. Kisauni na Likoni tunateka visimani. Mwenye kifafa asichote peke yake, na kisima kiwe na mfuniko. Aoge kwa ndoo na kata, mlango haujafungwa kwa komeo. Baharini, asiingie bila mtu anayejua kuogelea. Kwenye feri akae katikati, mbali na ukingo. Jikoni, mwenzake ampikie inapowezekana, jiko la makaa liwe kwenye kona mtu asipoweza kuliangukia, masufuria ya mafuta yasiwe na mpini unaotokeza. Kukwea mnazi, kupaua mabati, kuendesha bodaboda na kuvua peke yake kwenye mtumbwi ni kazi za kuacha mpaka daktari aseme. Najua hilo ni riziki ya watu, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza dawa mapema. Mtoto abaki shuleni na madrasa. Mwalimu aelezwe la kufanya. Kumkalisha nyumbani hakumkingi na kitu, kunamnyima elimu tu.

Kinga nayo ipo. Utafiti uliochapishwa 2013 katika jarida la Lancet Neurology ulilinganisha sehemu tano za Afrika, Kilifi yetu ikiwemo, pamoja na Ifakara ya Tanzania na Iganga ya Uganda. Kwa watoto, hatari kubwa ilikuwa shida ya kulia, kupumua au kunyonya mara tu baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo kujifungulia penye mkunga mwenye ujuzi ni kinga ya kifafa, na kofia ngumu kwa abiria wa bodaboda ni kinga ya kifafa, maana jeraha la kichwa lilionekana pia. Kwa watu wazima, shinikizo la damu liliongeza hatari takriban mara mbili. Mtu wa miaka hamsini anayeanguka mara ya kwanza apimwe presha kabla ya kutafuta aliyemroga.

Vimelea navyo vilitajwa: minyoo ya mbwa ambayo mayai yake hubaki mchangani, vijidudu vya kinyesi cha paka, na tegu wa nguruwe. Wengi wetu husema nguruwe haingii nyumbani kwetu, hivyo hatuhusiki. Lakini mayai ya tegu huyo hutoka katika kinyesi cha binadamu aliyeambukizwa, huingia kwenye maji, mboga na mikono, na kisha kwenye ubongo wa asiyewahi kuonja nyama ile. Mwaka 1992 madaktari walieleza kisa cha Wayahudi washika dini wa New York, wasiogusa nguruwe kabisa, waliokutwa na uvimbe wa tegu huyo kichwani. Kilichoshukiwa ni mikono ya watumishi wa nyumbani waliokuwa na tegu. Sabuni chooni, mboga zioshwe vizuri, na kisima kiwe mbali na shimo la choo.

Siku ya kwenda kliniki, beba mambo mawili ambayo daktari atayashukuru kuliko barua yoyote. Moja ni video: mtu wa nyumbani arekodi kwa simu mgonjwa anaposhikwa, kuanzia anapoanza hadi anapotulia, uso na mikono vikionekana, bila kuisambaza kwa mtu mwingine yeyote. Pili ni daftari dogo lenye tarehe, saa, dakika ngapi, alilala saa ngapi usiku uliotangulia, alimeza dawa au hakumeza, na kwa wanawake, siku za mwezi. Andika hata miezi ambayo hakuna kilichotokea, kwa sababu daktari atahitaji kuhesabu ile miaka miwili bila kushikwa kuanzia tarehe iliyoandikwa.